Chakula cha Hamsta wa Afande

Kwenye hitima ya shangazi yangu Hadija, hapa Namakwekwe mjini Mbale, wanawake walikaa mkekani wakimsifu kwamba hakuwahi kuogopa kitu. Mmoja alisema alimwona akimfukuza mwizi kwa mwiko. Mwingine akasema hata askari walikuwa wakimpisha njiani. Mimi nilikuwa nikigawa pilau, nikanyamaza, kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Lakini kuogopa si jambo baya, ni sisi tu tumelifanya aibu. Shangazi aliogopa. Nilimwona kwa karibu, chumba kimoja, kitanda kimoja, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisahani, kisha anainywa humo humo kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Mimi niliogopa zaidi yake, ila mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na hakuna aliyetegemea ushujaa kwangu. Na ukiniuliza hofu ile yote ilitokana na nini, nitakujibu ilitokana na chakula cha panya. Anayetaka kucheka na acheke, nami huwa nacheka siku nyingine.

Mwaka ule, hapa Uganda, serikali ilianguka mara mbili. Ilipoanguka mara ya kwanza mimi nilikuwa Jinja, upande wa Mafubira, nafanya kazi za ndani kwa kapteni mmoja Mwacholi, mtu wa kaskazini, aliyefiwa na mkewe. Sisi wa nyumbani tulimwita Afande, hata binti yake alimwita hivyo akitaka kumchekesha. Binti huyo aliitwa Aber, miaka sita, mdomo haufungi. Alisema Kiacholi na baba yake, nami Kiswahili cha kambini, chenye amri nyingi kuliko maombi. Nyumba ilikuwa na sebule kubwa isiyo na vitu, viti vinne na redio, na jiko la nyuma lililonuka moshi na sabuni ya kipande. Jirani yetu alikuwa mhandisi wa kizungu wa pale kwenye bwawa la umeme. Serikali ilipoanguka yule bwana na mkewe walifunga mizigo siku mbili tu, na mkewe akaja kwetu na visanduku viwili vya waya. Ndani mlikuwa na wanyama wanaoitwa hamsta. Ni kama panya, ila wanene, mkia hauonekani, na mashavu yao ni mifuko. Alimpa Aber, halafu akanivuta mimi jikoni, kwa sababu alijua vizuri nani atawalisha.

Mama yule alikuwa amejifunza Kiswahili Kenya na alikisema polepole, kila neno peke yake. Aliniambia wasikae pamoja hata siku moja, watauana. Aliniambia kitunguu hapana, chumvi hapana, maharagwe mabichi hapana kabisa. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Ukiwamwagia mbegu tu, akasema, watachagua zile tamu zenye mafuta na kuacha nafaka, na watanenepa kwa nje huku ndani wanakwisha. Nilimwambia hata watu wako hivyo. Akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameshavimba kwa kulia. Kipimo alinionyesha kwa mkono: nafaka ngumi tatu, majani makavu nusu ngumi, karanga na mbegu kiasi cha kidole gumba, na kitu cha kujenga mwili, samaki au yai, ncha ya vidole tu. Kesho yake walikuwa wameondoka, na mlango wao ulikuwa umeshang'olewa.

Mimi nikajiuliza: kama kuchagua ndiko kunakowaua, si niwanyime nafasi ya kuchagua? Nikaanza kutwanga. Ulezi, mtama, mahindi yaliyovunjwavunjwa, dodo, yaani mchicha wetu, lililokaushwa kivulini mpaka likasagika kwa vidole, na mukene, wale dagaa wa ziwa letu, niliowaosha mchanga kwanza. Kilichonishinda ni kushikamanisha. Maji yalileta uvundo. Ni Afande aliyenifundisha, jioni moja, kasimama jikoni kavaa fulana, kachukua mwichi mkononi mwangu bila kuuliza. Akakaanga simsim, yaani ufuta, kidogo tu, isibadilike rangi, akaitwanga mpaka ikatoa mafuta, ndipo akatia karanga, akatwanga tena. Kwao wanaiita odii. Alisema mama yake hutia simsim kwanza na karanga baadaye, na anayefanya kinyume anakula matope. Nilichukua kidole gumba cha odii hiyo, nikakandia unga wangu, nikafinyanga vidonge vidogo kama punje za mahindi makubwa, nikavianika kwenye ungo. Hamsta walikula kila kitu bila kubagua. Manyoya yao yaling'aa. Nilijivuna kama mtu aliyejenga nyumba.

Lakini sebuleni mambo yalikuwa mengine. Wenzake Afande walikuja kunywa chai alasiri, wakazungumza Kiacholi kwa sauti ya chini, na mimi niliyesimama na chupa ya chai nilisikia tu yale maneno ya Kiswahili yaliyojitokeza katikati, daraja, risasi, kurudi nyuma. Kila wiki waliokuja walipungua. Hakuna aliyesema kafa wala kakimbia, kiti kilisogezwa tu ukutani. Aber aliacha kucheza nje. Alikaa chini mbele ya visanduku, na nikigundua hakumaliza chakula chake, nikitafuta naona kakificha chini ya godoro, viazi, mkate, mfupa. Nilimgombeza. Akaniambia hamsta nao wanaficha na mbona siwagombezi. Usiku huo mimi mwenyewe nilifunga ulezi wa debe moja kwenye shuka nikausukuma chini ya kitanda changu.

Siku serikali ilipoanguka mara ya pili, Afande alifika nyumbani mchana kweupe, bila sare, kavaa shati la mtu mwingine. Hakukaa. Alisema, "Sauda, mtoto aende na wewe. Kwenu Mbale. Mimi nikikamatwa naye, tunakwisha wote wawili." Nilimuuliza atamfuata lini. Akasema atatuma mtu. Akapiga magoti, akasema na binti yake kwa lugha yao, maneno machache, akimshika mashavu kwa mikono miwili. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akapitia migombani. Sikumwona tena na hakuna aliyenipa habari zake zenye uhakika mpaka leo. Nilimwambia Aber achukue nguo. Alichukua hamsta.

Tulipata nafasi nyuma ya lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyemjua shangazi. Nilimfunga Aber mtandio, nikamwambia jina lake sasa ni Hawa, yeye ni mtoto wa kaka yangu, na njiani asifungue mdomo. Visanduku vya waya havikufaa, kila mtu angeuliza, nikawatia hamsta wote wawili kwenye kikapu kimoja, juu nikaweka ulezi. Yaani lile nililokatazwa kwanza ndilo nililofanya kwanza. Walipigana kuanzia Jinja. Kikapu kilitikisika magotini mwangu, na mimi nikitikisika nacho ili ionekane ni barabara mbaya. Pale Busiu, karibu na kufika Mbale, tulisimamishwa na askari. Walikuwa wa jeshi lile lililoshindwa, wanakimbilia kaskazini, wamechoka, wana njaa, wanapekua mizigo. Walisemezana Kiacholi. Nikamwona Aber ameinua uso, mdomo unafunguka, kwa sababu amesikia watu wa kwao. Nilimfinya paja kwa kucha mpaka machozi yakamtoka. Wangejua ni mtoto wa afisa wao wangeondoka naye, na walikokuwa wakienda ni vitani. Hakulia kwa sauti. Askari mmoja alichukua ulezi wa juu ya kikapu, mkono wake ukasimama kiganja kimoja juu ya wale wanyama, kisha dereva akampa sigara akatuachia. Kuanzia siku hiyo, kwa muda mrefu, Aber hakusema Kiacholi wala lugha nyingine yoyote.

Shangazi alitupokea bila swali, mpaka alipofunua kikapu. Hamsta mmoja alikuwa ameshakufa, sikio limeliwa. Shangazi akauliza kama ninataka panya wakae chumba cha kuswalia. Nikasema ni mmoja tu. Alimpa huyo aliyebaki debe tupu la mafuta ya kupikia, lililotobolewa matundu, likakaa dirishani, na kila akipita karibu nalo alikusanya kanga yake isiguse. Baada ya siku chache jeshi jipya likaingia Mbale. Watu walicheza barabarani, na haki yao, tulikuwa tumeteseka. Lakini jioni hiyo hiyo walioacha kucheza walianza kuonyesheana nyumba: hapa alilala askari wa zamani, pale kuna mke wake, kule kuna mtoto wake. Tulisikia mama mmoja akiburutwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shangazi alikuwa anapika mihogo, aliendelea kukoroga sufuria iliyokuwa haina haja ya kukorogwa.

Na mtoto hakuli. Mihogo alitema, uji alitema, malewa ya karanga, yale machipukizi yetu ya mianzi ambayo Mgisu gani anakataa, aliyasukuma pembeni. Alikonda mpaka shingo ikashindwa kichwa. Siku moja nilimtwangia yule hamsta vidonge vyake, nikatoka kuteka maji, niliporudi nikamkuta Aber kakaa sakafuni, hamsta kwenye mapaja, wanapokezana. Kimoja cha mnyama, kimoja chake. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Alisema tu, "Ongeza mukene." Kuanzia hapo nilitwanga kwa ajili ya mtoto na mnyama akala masalia, ingawa Aber hakugusa kitu mpaka aone hamsta ametangulia. Ngumi tatu, nusu ngumi, kidole gumba, ncha ya vidole. Simsim kwanza, karanga baadaye. Karanga za biashara ya shangazi ziliishia humo na hakulalamika, yeye aliyekuwa analalamikia kiberiti.

Kosa langu lilikuwa kuanika nje. Nililazimika, ndani vingeota ukungu, lakini ungo uliojaa vidonge vya simsim na samaki, katika mtaa unaokula mihogo mikavu bila mchuzi, unasema kwa sauti. Watu walihesabu midomo yetu na kuona haitoshi chakula kile. Wakamalizia wenyewe: Sauda ametoka Jinja kwa kapteni, kapteni hakuonekana, kapteni yuko darini anapelekewa chakula cha kubeba safarini. Mwenyekiti wa mtaa akaja mchana na askari watatu. Wawili walipanda darini. Wa tatu, koplo, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu, alibaki na ungo mkononi.

"Hii chakula ni ya nani?" akaniuliza.

"Ni ya panya, afande."

"Panya gani nakula simusimu, na watu nakula muhogo? Wewe nasema bulongo."

Nilimwonyesha debe. Akaniambia nimlishe aone. Mikono yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Niliweka kidonge, hamsta akakichukua, akakisukuma shavuni. Cha pili shavuni. Cha tatu. Uso ukavimba, akageuka, akakimbilia pembeni akavizika kwenye matambara. Hakutafuna hata kimoja. Koplo akasema hakuna anayekula hapo, huyu anaficha tu, na nilijua kwamba ile bidii yangu yote ya kufanya kile chakula kiwe kizuri ndiyo imetufikisha hapo. Kingekuwa makapi tungekuwa salama. Aber alikuwa nyuma ya kanga ya shangazi. Ndipo shangazi akasema, akitetemeka, lakini akasema, "Afande, hata mtu kwa wakati ya vita, akipata chakula, naficha kwanza." Koplo alimtazama. Akachukua kidonge akala. Akala kingine. Wale wa darini wakashuka na vumbi tu. Koplo akamimina ungo mzima kwenye kofia yake, wakaenda zao.

Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyofuata akarudi, peke yake, akagonga kwa adabu, akaomba "ile ya panya". Na wiki iliyofuata tena. Kumnyima hatuwezi, kumzoea hatuwezi. Alikaa kwenye kigoda, bunduki katikati ya magoti, akala polepole akitazama ukuta, na muda wote huo Aber alikaa pembeni na mtandio wake, kimya, na sisi wawili tulisema maneno mengi yasiyo na maana ili kimya chake kisisikike. Alipotuuliza mtoto ana nini, shangazi alisema homa ya utotoni ilimchukua ulimi. Mwanamke huyu aliyekuwa hasemi uongo hata kwa bei ya karanga. Akiondoka koplo, shangazi alikuwa akitandika mswala na kukaa juu yake bila kuswali.

Siku moja alikula kimoja, akaacha kutafuna. Akaniuliza nani alinifundisha kutwanga simsim. Nikasema nimejifunza tu. Akasema hapana. Wagisu hawatwangi hivi, akasema, wala Wasoga. Hapa mtu akitwanga simsim anatwanga pamoja na karanga zote mara moja. Alikuwa hatazami ukuta tena. Alimtazama Aber, aliyekuwa anampa hamsta majani. Nikakaa chini bila kujua nimekaa. Shangazi alianza kusema jambo kuhusu kaka yangu, yule tuliyemwita baba wa mtoto, akaliacha katikati.

Koplo akainama mbele, akamwambia mtoto, taratibu, "Itye maber?"

Sikujua siku ile kwamba anamuuliza kama hajambo. Nilijua tu ni lugha ya Afande, kwenye mdomo wa askari wa jeshi jipya, na nikaona tumekufa. Aber alikuwa hajasema neno zima miezi mitatu. Aliinua uso. "Atye maber," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza.

Niliona kwamba mikono ya koplo nayo inatetemeka. Alisema na Aber kwa muda mrefu katika lugha hiyo, akiangalia mlango mara kwa mara, na mtoto akamjibu kwa maneno mengi, yakimwagika, yote aliyokuwa ameyaweka. Halafu akatugeukia. Alisema kwamba yeye naye ni Mwacholi, ila kikosini wanamjua kwa jina la watu wa magharibi ya nchi, na anaogopa kila akiulizwa kwao ni wapi. Aliniuliza jina la baba wa mtoto na kijiji chao. Nilisema yote, nilikuwa nimechoka kuficha. "Namwambia asiseme hii lugha tena," akasema. "Hata moja. Mpaka mutu ya kwao akuje hapa." Akatuachia kilo mbili za simsim ambazo sijui alizipata wapi. Hakurudi tena. Kikosi chake kilipelekwa kaskazini.

Aber akaanza kusema, lakini Kiswahili, na Kigisu alichokiokota kisimani kwa watoto wenzake. Alikula mihogo. Alimpigia shangazi kelele akitaka sukari, na sukari haikuwapo. Hamsta alizeeka, akawa analala kutwa, nami nikawa nalainisha vidonge vyake kwa maji ya moto kwa sababu meno yalimwishia, mpaka asubuhi moja Aber akamkuta baridi. Alimzika mwenyewe nyuma ya choo. Mvua zilikuwa zimekatika, barabara ya Soroti, ile ya kaskazini, ilikuwa imefunguka kwa muda, na siku si nyingi baadaye mwanamke mzee alifika mlangoni kwetu akiongozwa na katekista. Katekista alituambia kwamba askari mmoja alipita kanisani kwao akiuliza watu wa kapteni fulani. Yule bibi, mama yake Afande, alikuwa na miguu imevimba kwa safari. Hakujua Kiswahili hata salamu. Alimwona mtoto mwenye mtandio, akaanguka magoti, akanyoosha mikono, akasema, "Aber, itye maber?"

Aber hakusogea. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kigisu, "Huyu mama anasema nini?"

Bibi alirudia, mara mbili, mara tatu, kisha akajifunika uso akaanza kulia, na katekista akainamisha kichwa. Nilidhani tumeua kitu. Nilidhani tumemlisha vizuri, ngumi tatu na nusu ngumi, na kile cha ndani kimekwisha bila sisi kuona. Lakini nilipomtazama mtoto vizuri, niliona kwamba machozi yanamlengalenga na ameng'ang'ania kanga ya shangazi kwa mikono miwili, na nikaelewa kwamba alikuwa anajua kila neno. Nikamwambia, jibu, mwanangu, huyu ndiye mtu wenu, leo unaruhusiwa. Alinitazama, akatazama nje, ambako watu wa mtaa walikuwa wanapita na mizigo yao. Shangazi alielewa kabla yangu. Aliinuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akasimama ameegemea mlango kwa mgongo wake wote.

Ndipo Aber akamwendea bibi yake, akamshika shingo, akamjibu sikioni, kwa sauti ya chini sana hata mimi niliyekuwa karibu sikuisikia.